Mguu wa Mwalimu Breki

Mjomba wangu hajui kutulia. Mpe kiti, atakaa robo dakika, kisha atainuka kwenda kuangalia kama mlango unafungika vizuri. Mpe chai, ataizungukazunguka kama anaitafutia maegesho. Kinachochekesha ni kwamba kazi iliyomlisha miaka thelathini na moja ilikuwa ya kukaa. Ila alikuwa anakaa ndani ya kitu kinachotembea, tena kinachoendeshwa na mtu asiyejua kuendesha. Hapo ndipo roho yake hutulia. Watu wengine hapo ndipo huanza kusali.

Alikuwa mwalimu wa udereva. Wanamwita Mwalimu Breki, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Gari lake ni dogo, la milango minne, rangi ya maziwa, na linanizidi umri kwa mbali. Upande wa abiria lilikuwa na pedeli mbili za ziada, klachi na breki. Mwanafunzi anashika usukani, mjomba anakaa pembeni, mguu juu ya breki yake, macho barabarani. Ukikosea humwoni akihangaika. Gari linasimama tu. Halafu anakuuliza kwa upole, "Sasa pale ulikuwa unakwenda wapi?"

Mtaani kwetu ukimwona dereva kang'ang'ania usukani kwa mikono miwili huku anaongea peke yake, "kioo, ishara, kioo", ujue huyo kapita kwa mjomba. Mimi pia nilipita.

Kuna kitu watu hawakijui. Mwenyewe alikuwa haliendeshi. Mwanafunzi wa kwanza alikuwa anakuja asubuhi, analitoa gari getini. Wa mwisho alikuwa analirudisha mpaka getini. Kati ya hapo ni zamu za watu siku nzima. Miaka thelathini na moja, kama nilivyosema, kakaa kiti kile kimoja cha abiria mpaka kikabonyea kama bakuli.

Sasa amestaafu, magoti yamegoma, na mwisho wa mwezi huu yeye na mkewe wanahamia kwa mtoto wao, ghorofa ya nne. Maegesho ni ya gari moja, na hilo moja ni la kijana. Anti, mke wa mjomba, ambaye mtaa wote unamwita Mama Pacha, alilimaliza suala kwa sentensi moja: "Gari haliingii kwenye lifti." Akampigia simu mtu wa vyuma chakavu. Mtu wa vyuma akasema Jumatatu asubuhi, saa mbili, atakuja na nyundo na lori.

Ukabaki mlango mmoja. Kuna klabu ya wenye magari ya zamani, na kila mwaka wanafanya maonyesho yao Jumapili moja. Gari likipita ukaguzi siku hiyo linapewa beji ya shaba, na lenye beji linapata nafasi kwenye banda la klabu, chini ya paa, na mlinzi. Kwa hiyo usidhani nakusimulia habari za kombe. Ni beji Jumapili, au nyundo Jumatatu.

Mjomba alichukua fomu. Ukurasa wa kwanza ulisema gari liwe kama lilivyotoka kiwandani. Akasoma hapo, akakunja fomu, akaitia mfukoni. Huyu ni mtu ambaye kila siku alikuwa anawaambia wanafunzi, "Soma kibao chote, usisome neno la kwanza ukadhani umemaliza." Alhamisi mchana akaingia chini ya dashibodi na spana, akafungua zile pedeli mbili pamoja na chuma kinachoziunganisha na za dereva. Akazifunga kwenye taulo kuukuu, akazilaza kwenye buti. Matundu manne ya bolti akayafunika na zulia. Hakumuuliza mtu. Kwa siku mbili baada ya hapo alikuwa anaingia na kutoka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jumapili niliendesha mimi. Yeye kiti chake, Anti nyuma na chupa ya chai mapajani. Njia nzima nikawa nasikia kitu chini ya dashibodi. Tap. Tap. Kila taa, kila kona, kila mwenye baiskeli. Tap.

"Unapiga ngoma?" Anti akauliza.

"Nanyoosha mguu."

"Nyoosha na mdomo basi, unauma meno mpaka nasikia huku nyuma."

Anti hajui kuendesha. Umesikia vizuri. Mke wa mwalimu wa udereva. Mganga hajigangi, sawa, lakini huyu hata mgonjwa wa chumbani kwake hakumgusa. Zamani kila alipoomba alijibiwa "kesho". Akachoka kuomba. Wake za watu wote walipita kwenye usukani ule, na yeye alikuwa anawaona kupitia dirisha la jikoni, wanacheka, gari linarukaruka kama chura.

Uwanja wenyewe ni nyasi, na una mteremko mdogo ukiingia getini. Nitasema ukweli, maonyesho ya magari ya zamani yananichosha. Magari yamepangwa kama vyombo vya kabati la wageni. Kamba mbele, kibao cha USIGUSE, na nyuma ya kila gari mwenye gari kwenye kiti cha kukunja, kashika kitambaa, anakuangalia kama umekuja kuiba taa. Hakuna hata injini moja inayonguruma. Mjomba aliangalia mstari wote ule, nikamsikia anasema polepole, "Mbona kama wamelala?"

Sasa sikiliza kilichotokea, maana aibu yake nusu ni yangu.

Nashuka ule mteremko. Mbele yangu kuna bwana anarudi kinyumenyume, simu usoni, anapiga picha gari moja refu jeusi. Anakuja moja kwa moja njiani kwangu. Nilimwona. Nilimwona vizuri kabisa, na mguu wangu ukaenda kwenye breki taratibu, kama hauna haraka. Kwa nini? Kwa sababu nilifundishwa kwenye kiti kile kile, na kwenye kiti kile mwili wangu unajua breki inakanyagwa na mtu mwingine. Pembeni yangu mjomba akakanyaga kwa nguvu zake zote. Pu! Zulia.

Nusu sekunde nzima, yeye ananingoja mimi, mimi namngoja yeye.

Kisha akavuta breki ya mkono, mimi nikakanyaga ya kwangu, gari likaserereka kwenye nyasi, likaangusha nguzo ya kamba ya lile gari jeusi, likazima. Kamba ikalala juu ya boneti yetu. Bwana wa picha hakugeuka hata. Aliendelea kupiga picha.

"Mmefika," Anti akasema kutoka nyuma. Chai ilikuwa imemwagika kwenye sketi yake.

Mkaguzi wa klabu akaja mbio. Bwana mrefu, kofia pana, ubao wa karatasi kwapani.

"Breki zina tatizo?"

"Breki nzima," mjomba akasema. Alikuwa ameshatoka nje, anazunguka gari, anagusa tairi hili, anagusa lile. "Tatizo nimekanyaga zulia."

Mkaguzi akamwangalia. Akainama, akachungulia ndani. Akaona kile kiti kilichobonyea. Akaangalia cha dereva, kizima, kimezeeka kwa adabu.

"Gari gani hili, abiria amechoka kuliko dereva?"

Akaingiza mkono, akainua zulia. Matundu manne.

"Hapa palikuwa na nini, mzee?"

Mjomba kwa uongo ni sifuri. Masikio yake yanamsaliti, yanakuwa mekundu kabla hajafungua mdomo. "Pedeli za mwalimu."

"Ziko wapi?"

"Kwenye buti. Nimezitoa ili gari liwe kama lilivyotoka kiwandani. Fomu yenu imesema."

Mkaguzi akachomoa fomu kwenye ubao wake. "Ukurasa wa pili umeusoma?"

Mjomba akapapasa mfuko alikotia fomu.

"Hajausoma," Anti akajibu kutoka dirishani. "Nimeishi naye. Hajausoma."

Mkaguzi akatusomea. Magari ya kazi yana orodha yao: ambulansi, teksi, zimamoto, magari ya kufundishia. Hayo yanapokelewa yakiwa na vifaa vya kazi yake vilivyofungwa mahali pake, na vinavyofanya kazi. Kifaa cha kazi kikiwa kimeondolewa, gari halipokelewi.

Mjomba akashika paa la gari. "Kwa hiyo nimeng'oa kile kile ambacho…"

"Ndiyo, mzee. Ungeliacha lilivyo, ungekuwa umeshapanga kule." Akaonyesha mwisho wa uwanja, palipokuwa na ambulansi ya zamani peke yake. Akaangalia saa. "Nafunga orodha saa tano kamili. Sasa hivi ni saa nne na robo."

Ungemwona mjomba. Alifungua buti kabla yule bwana hajafunga mdomo, akatoa taulo, akalifungua juu ya nyasi. Pedeli zipo. Chuma kipo. Bolti nne zipo. Spana haipo. Ameiacha nyumbani, kwenye dirisha la bafuni.

Tukaanza kuomba. Mwenye gari jeusi alikuwa na sanduku la vifaa limefunguliwa mbele ya gari lake, ndani kitambaa chekundu laini, spana zimepangwa kwa ukubwa, zinang'aa mpaka unajiona.

"Naomba spana namba kumi na tatu, dakika ishirini tu," mjomba akasema.

"Hizo za maonyesho, mzee. Zilitoka pamoja na gari."

"Zinafungua nati?"

"Sijawahi kujaribu."

"Sasa umejuaje kama ni spana?"

Nikamvuta mkono kabla hatujafukuzwa uwanjani. Tukapita magari kumi na mawili. Kuna waliosema hawana. Mmoja alisema fundi wake anayo, lakini fundi hafanyi kazi Jumapili. Watu wana magari ya kila aina na hawana spana moja yenye grisi! Saa nne na dakika ishirini na tano tukafika kwenye ambulansi. Dereva wake, mzee mnene mwenye mikono myeusi ya mafuta, akamkodolea macho mjomba.

"Mwalimu Breki? Wewe si ulinikatalia kwenda mtihani mara mbili?"

"Mara tatu."

"Ya tatu nilikuwa na homa."

"Homa ya kona. Una kumi na tatu?"

Alikuwa nayo, kwenye mfuko wa suruali. Alimpa huku anacheka, akasema akiirudisha safi atajua si yake.

Mjomba akarudi karibu anakimbia, na magoti yale. Akaingia kichwa chini ya dashibodi, miguu nje kwenye nyasi. Mimi namshikia chuma. Anti ameshuka, amesimama pembeni na sketi yake yenye doa la chai, mikono kifuani. Bolti ya kwanza ikaingia. Ya pili. Ya tatu. Ya nne ikamponyoka, ikagonga kizingiti cha mlango, ikaruka kwenye nyasi.

"Itafuteni!"

Nikapiga magoti. Nyasi zenyewe ndefu, bolti yenyewe fupi kama kidole cha mtoto. Nikapapasa kulia, kushoto, chini ya gari. Saa nne na dakika arobaini. Nikainua kichwa kumwambia Anti asogee, na nikaona. Kiatu chake cha kulia kilikuwa kimekaa upandeupande, kama mtu aliyekanyaga jiwe. Alikuwa haangalii chini. Alikuwa anaangalia miguu ya mumewe inayotoka garini.

Nikaendelea kupapasa nyasi. Ningesema nini? Mtu wa vyuma chakavu alimwita yeye.

"Baba Pacha," akasema.

"Mmeiona?"

"Mbona mimi hukunifundisha?"

Chini ya dashibodi spana ikaacha kuzunguka. Kisha sauti ikatoka, imebanwa na kile chuma. "Sasa hivi, mama? Dakika ishirini zimebaki."

"Miaka thelathini zilikuwepo dakika nyingine. Jibu."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Ningekupigia kelele." Mguu wake mmoja ukajikuna na mwingine. "Mwanafunzi namvumilia saa moja, anakwenda zake, namsahau. Wewe ningerudi na wewe ndani. Nikajua nitakupigia kelele barabarani, na usiku utanipa mgongo, na asubuhi nitakuwa na mwanafunzi getini na mke hasemi na mimi. Nikasema kesho."

Uso wa Anti siwezi kukuelezea, sikuuelewa. Kisha akasogeza mguu, akainama, akaokota, akaipangusa bolti kwenye lile doa la chai.

"Hii hapa. Funga."

Ikafungwa saa nne na dakika hamsini. Mkaguzi akaja na ubao wake. "Haya, nionyesheni kama zinafanya kazi. Kutoka hapa mpaka ule mstari wa chokaa."

Nikaingia kwenye usukani. Mjomba akatikisa kichwa. "Shuka."

"Mjomba, muda."

"Shuka. Wewe asubuhi umenitia aibu, lakini unajua kuendesha. Nikisimamisha gari, atajuaje ni mguu wangu au wako? Tunahitaji mtu asiyejua kabisa."

Akamwangalia mkewe. Mimi nikamwangalia. Mpaka dereva wa ambulansi, aliyekuja kudai spana yake, akamwangalia.

"Msinikodolee," Anti akasema. Akafunga chupa ya chai, akazungusha kifuniko mara mbili, akanipa. Akaingia.

Mara ya kwanza gari liliruka, likazima. Mara ya pili likaruka zaidi. Nilikuwa nimeshika dirisha lao, namwona mjomba anavyoshika goti lake mwenyewe ili asiseme neno. Mwenye gari jeusi akasimamisha nguzo yake tena, akaisogeza nyuma hatua tatu.

"Klachi hiyo," mjomba akasema, sauti ya chini kabisa. "Iachie kama unamlaza mtoto ambaye ameshasinzia. Ukimwachia ghafla anaamka."

Ya tatu gari likaenda. Taratibu, halafu si taratibu sana. Mkaguzi alikuwa amesimama kwenye mstari wa chokaa, na Anti alipomwona akafanya wanavyofanya wote: akakaza mikono, akashika pumzi, akakanyaga mafuta. Mkaguzi akaanza kurudi nyuma. Na pale pale gari likasimama. Bila mlio, bila kuserereka. Kofia ya mkaguzi haikutikisika hata kidogo.

"Sasa pale ulikuwa unakwenda wapi?" mjomba akauliza.

"Mbele," Anti akasema. "Wewe ndiye umenizuia."

Saa tano kasoro dakika tatu mkaguzi aliandika kwenye ubao, akatoa beji ya shaba mfukoni, akampa mjomba mkononi. Akaeleza utaratibu. Jioni gari linapelekwa bandani. Betri inatolewa, linawekwa juu ya magogo ili tairi zisiguse chini, linafunikwa turubai. Mara moja kwa mwaka linashushwa kwa maonyesho.

Mjomba alishukuru. Alisema asante mara tatu, na mara zote tatu goti lake lilikuwa linacheza. Akaigeuza beji. Akaangalia ule mstari wa magari yaliyolala. Hiki ndicho alichokuwa anakitaka tangu mwezi uliopita, hakulala vizuri kwa sababu yake, na sasa amekishika, na hawezi kusimama pale alipo.

Anti hakuwa ameshuka. Mikono bado kwenye usukani.

"Mara moja kwa mwaka?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Ili lisichakae."

"Na gia ya pili mimi nitajifunza mwakani?"

Mkaguzi akacheka, akidhani ni utani. Anti akatoa simu, akapiga. Tulisikia upande wake tu. "Mimi Mama Pacha. Ile ya Jumatatu usije… Hapana, sijapata mwingine. Nimebadilisha mawazo, hujawahi?" Akakata.

"Mama Pacha," mjomba akasema, "kule ghorofani maegesho ni ya gari moja."

"Kijana wako ana miguu. Ataegesha kule nyuma ya maduka, atembee. Tumbo limeanza kumtangulia mlangoni."

Mjomba akaiangalia beji mara ya mwisho, akamrudishia mkaguzi.

"Mzee, watu wanaililia hii."

"Wape," mjomba akasema. "Gari lisilokwenda ni kabati, na kabati tunalo."

Nyumbani niliendesha mimi, maana mjomba hawezi kumruhusu mtu barabarani bila kibali, hata awe nani. Kibali cha kujifunzia cha Anti kilichukua siku nne kutoka. Ijumaa asubuhi nilipita kwao kusaidia kufunga maboksi, nikakuta geti wazi, gari limetoka nusu, kibao cha mwanafunzi kimefungwa kwa kamba ya kanga kwenye bampa.

"Kioo," nilimsikia mjomba.

"Nimeona."

"Sijauliza kama umeona. Nimesema kioo!"

Gari likazima. Jirani akachungulia dirishani.

"Umenipigia kelele," Anti akasema.

"Nimekupigia."

"Na mimi bado niko ndani ya gari."

"Naona."

Anti akawasha tena.